Unakimbizwa na nani? Shajara ya wiki kumi na nane

Jumapili, 8 Juni 2025

Pilau ya Idi ya jana bado iko tumboni, na huenda hilo ndilo kosa la kwanza la mradi huu. Nimetoka nyumbani Sinza saa kumi na mbili kasorobo, giza bado, na hadi naifikia barabara ya Sam Nujoma nilikuwa nimeshasimama mara tatu. Mara ya tatu nilijifanya nafunga kamba za raba, kwa sababu kituoni kulikuwa na watu wa misa ya kwanza wanasubiri daladala. Kamba zilikuwa zimefungwa vizuri tu.

Nina miaka arobaini na tatu. Miaka sita sijakimbia, ukiondoa siku ninazowahi mlango wa basi la mwendokasi kabla haujafungwa.

Mradi ni huu: wiki kumi na nane, mpaka katikati ya Oktoba, nione kama naweza kupenda tena kukimbia. Kitambi sikihesabu, wala sijaandikisha jina kwenye mashindano yoyote. Mke wangu ameuliza kupenda kunapimwaje. Swali la haki, yeye ni mhasibu. Kwa hiyo nimenunua kaunta buku, nikachora safu nne: tarehe, saa ya kutoka, nilikopita, na ya mwisho ina swali moja: kesho ningetamani tena? N ya ndiyo au H ya hapana. Siku ni Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Simu inabaki nyumbani, saa ya mkononi vilevile.

Leo: H.

Jumanne, 10 Juni

H. Mbwa wawili pale kwenye gereji. Kwa mita mia moja hivi nilikuwa na kasi ya kijana wa miaka ishirini.

Alhamisi, 12 Juni

Niandike mapema kwa nini niliacha, kabla sijajitungia sababu nzuri zaidi.

Mwaka 2019 nilikwenda Moshi kukimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro. Nilijiandaa miezi saba, lengo likiwa chini ya saa mbili. Kwenye simu nilikuwa na programu iliyonisemesha kila kilomita, na nilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la watu thelathini na kitu ambamo kila asubuhi kila mmoja alibandika kilomita zake, kama mweka hazina anavyosoma mahesabu ya chama cha kufa na kuzikana. Usipobandika unaulizwa. Ukibandika mwendo wa taratibu, anatokea mmoja na kikatuni cha kobe. Nami nilikuwa nambandikia mwenzangu kobe zamu yake ikifika, nisijifanye malaika.

Njia ile inatoka mjini na kupanda kuelekea Mweka, na kupanda kwake si utani. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 14. Nikavaa medali, nikapiga picha, nikapanda basi la Dar. Basi liliposimama Korogwe, wenzangu wakashuka kula, mimi nimebaki kitini napekua kwenye simu kilomita iliyoniharibia. Raba zile sikuzivaa tena. Nilimpa shemeji yangu, anaendea nazo shambani Kibaha.

Leo nimekimbia dakika mbili, nimetembea dakika mbili, kwa kuhesabu nguzo za umeme. H, lakini H ndogo.

Jumanne, 17 Juni

Nimeanza kupandia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Ndani kuna miti, magari ni machache alfajiri, na tumbili wanavuka barabara bila haraka yoyote, kama wahadhiri wakongwe. Mteremko wa kurudi ndio unaonilipa.

Karibu na kilele nimekutana na mzee anatembea na fimbo, kofia ya sufi kichwani ingawa ni Dar es Salaam. Baridi ya Juni inawapata wazee wa pwani, sisi wa bara tunacheka.

"Shikamoo mzee," nimesema, pumzi ikiniishia kwenye "mzee".

"Marahaba. Unakimbizwa na nani?"

Nimecheka nikapita. H. Swali lakini limenifuata mpaka ofisini.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda. Kulikuwa na harusi jana Kimara. Sina la kuongeza.

Jumapili, 29 Juni

Leo kuna jambo, acha nikae nalo.

Nilikuwa napanda Mlimani, nahema kama mashine ya kukoboa, na bila kupanga nikajikuta naimba. Chini chini, kwa midomo tu. Wimbo wa mchakamchaka, zile mbio za shule za alfajiri. Miaka thelathini sijauimba, maneno yakaja yote, pamoja na ubeti ambao mwalimu wa zamu alikuwa anajifanya hausikii.

Waliosoma shule za msingi nchini hawahitaji maelezo. Shuleni kwetu Iramba, mkoani Singida, tulikuwa tunafika alfajiri, fagio mkononi na dumu la maji, mwezi wa sita upepo wa Singida unakata masikio. Mistari miwili, wakubwa mbele. Kengele, halafu tunatoka kupitia njia ya mnadani, miguu mitupu karibu wote, vumbi mpaka magotini. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha tangu 1979 na wengi wetu tulizaliwa baadaye, lakini tulikuwa bado tunamshughulikia Idi Amin kila asubuhi kwa nyimbo, na alikuwa anashindwa kila asubuhi.

Nilichokuwa sikijui wakati ule ni kwamba wimbo ndio ulikuwa saa yetu. Kiongozi anatoa, wengine wanaitikia, na mguu unatua penye pigo. Kiongozi akizidisha mwendo, kiitikio kinakatika nyuma, kinakuwa manung'uniko, naye anasikia, anarudi. Hakuna aliyetuambia tukimbie kwa kasi gani. Tulikimbia kwa kasi ya kuimba. Na hakuna mtoto aliyeulizwa amemaliza wa ngapi, kwa sababu tulikuwa tunamaliza wote kwa pamoja pale mlingotini.

Wanaofundisha mbio wanalijua jambo hili kwa jina la kipimo cha maongezi: ukiweza kutamka sentensi nzima bila kukatika, moyo na mapafu yanaufikishia msuli hewa ya kutosha, na ukishindwa, umevuka. Wanariadha wenyewe hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao chini ya mstari huo. Mimi kule 2019 nilikuwa navuka mstari kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, halafu nikishangaa kwa nini nalichukia jua likichomoza.

Kwa hiyo nimeimba, na pale kiitikio kilipokatika nimepunguza. Nimepunguza mpaka mama mmoja aliyebeba ndoo ya maandazi akanipita kwenye kona. Nimepanda mlima wote bila kusimama. Wote. Mwanafunzi mmoja karibu na Ukumbi wa Nkrumah ameniangalia kama ninayehitaji msaada.

N. Ya kwanza.

Alhamisi, 3 Julai

Wiki nne. Siku zilizopangwa kumi na mbili, nimetoka kumi, N tatu. Mhasibu wangu ameangalia safu ya mwisho akasema, "Ukiwa benki, hawakukopeshi." Lakini hajasema niache.

Jambo moja la kiufundi limefanya kazi, na nimelipata kwa uvivu: ruhusa ya kurudi. Nikitoka, ninajiahidi kwamba nikifika kwenye mwembe wa kona ya kwanza, kama dakika kumi hivi, naweza kugeuza nikalale na hakuna atakayeniuliza. Mpaka sasa nimeitumia mara moja. Vita yote iko kati ya shuka na mlango wa geti, na mtu aliyeruhusiwa kurudi hatoki kwa kinyongo.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Si siku yangu, lakini nimekwenda, na imekuwa vurugu ya furaha.

Nimefika Sam Nujoma nikasikia filimbi, halafu ngoma, halafu sauti kama za watu hamsini. Klabu moja ya jogingi, jezi za njano, wametokea upande wa Manzese, barabara nzima yao, bodaboda wamesimama kuwapisha. Wenye kudhani mbio za kujifurahisha ni mambo ya Masaki na Oysterbay hawajaamka mapema wakaiona Manzese au Temeke siku ya mapumziko. Mbele alikuwa mama wa makamo, kanga kiunoni juu ya tracksuti, filimbi mdomoni, na alikuwa akiitoa ile filimbi kuimba kisha anairudisha bila kukosa pigo. Nimejibanza nyuma kabisa kama mtoto anayefuata msafara wa harusi.

"Karibu, baba! Itikia!" kijana mmoja ameniambia.

Nimeitikia. Sijui tumepita wapi na wapi. Najua tulifika Ubungo, najua tulizunguka, na najua kwamba niliporudi nyumbani chai ilikuwa imepoa na mke wangu ameshaanza kuuliza majirani. Kwa mwendo wangu wa kawaida nisingefika hata nusu ya ile njia.

N. Nimeiandika kubwa, imechukua mistari miwili.

Jumanne, 8 Julai

Mguu wa kulia, ugokoni, sehemu ya ndani. Nikikanyaga, panauma kwa urefu wa kidole kizima.

Alhamisi, 10 Julai

Bado panauma. Jirani yetu ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Nimemwonyesha nje ya geti lake, amebonyeza kwa dole gumba nikaruka.

"Kaka, wiki hii umeongeza?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikamwambia. Akacheka kwanza, ndipo akanieleza. Mapafu na moyo vinapata nguvu upesi, wiki chache tu unajisikia mtu mpya. Mfupa na kano haviendi kwa haraka hiyo, vinataka miezi. Pumzi inasema twende, mfupa wa ugoko haujasaini. Maumivu yakiwa yametanda kwa urefu, ni la kupumzisha. Yakijikusanya mahali pamoja padogo, pa ncha ya kidole, na kuuma hata usiku umelala, uende ukapigwe picha maana huenda mfupa umeanza kupata ufa. Yangu yametanda. Siku kumi bila kukimbia, kutembea ruksa, na kila jioni kunyanyua visigino kwenye ngazi, mara kumi na tano, mizunguko mitatu, taratibu wakati wa kushuka.

Halafu akaziomba raba zangu. Akabonyeza soli ya katikati, ile sponji. Ngumu kama sabuni ya mche.

"Hizi zilishastaafu kabla wewe hujazinunua," alisema.

Jumamosi, 12 Julai

Karume, soko la mitumba. Nimekwenda na elimu mpya ya dole gumba na nimewachosha wauzaji wanne. Siri ya raba za mtumba ni kwamba macho yanadanganywa: zimefuliwa, zimepakwa rangi, kamba mpya, zinang'aa. Dole gumba halidanganywi sana. Sponji ikibonyea na kurudi, bado ina uhai. Ikiwa na mikunjo ya kudumu pembeni, imekwisha. Geuza chini uangalie kisigino: kikiwa kimeliwa upande mmoja tu, mwenye kiatu wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na wewe utarithishwa.

"Bosi, hii gredi wani, imetoka moja kwa moja," kijana ameniambia.

"Imekimbia kilomita ngapi huko ilikotoka?"

"Ah, bosi! Kwani nauza gari?"

Elfu thelathini na tano, baada ya kuanzia sitini. Zina rangi ya chungwa ambayo nisingeichagua.

Jumapili, 20 Julai

Nimetembea tu mpaka chuoni na kurudi. Kwa mara ya kwanza nimeona kwamba mwembe wa kona ile una kiota cha kunguru kilichosukwa na waya na vipande vya hanga. Kaunta buku haina safu ya vitu kama hivi. Nimeandika N, ingawa sikukimbia. Hakuna anayekagua.

Jumapili, 27 Julai

Nimeanza upya, dakika mbili mbili za nguzo za umeme. Mguu kimya. Aibu pia imepungua. N.

Jumanne, 5 Agosti

H.

Alhamisi, 7 Agosti

H. Sijui kwa nini. Hali ya hewa nzuri, upepo wa kusi, miguu haina tatizo, usingizi nilipata. Wimbo umenichosha, ule ule mmoja. Nimejaribu kuimba wa kwaya nikagundua nyimbo za kwaya yetu hazikimbiliki, zimetungwa kwa watu wanaoyumba kushoto na kulia.

Alhamisi, 14 Agosti

Kukiri. Nimebeba simu. "Nione tu," nilijiambia, kauli ile ile ya mlevi anayepita nje ya baa. Nimewasha kupima umbali, nikaiweka mfukoni, na tangu hatua ya kwanza sikukimbia tena Mlimani, nilikimbia ndani ya ule mfuko. Wimbo haukuja. Mzee wa fimbo nimempita bila kumwamkia, jambo ambalo nyumbani kwetu ningechapwa nalo. Mwisho nimetazama: kilomita 6.2, na mwendo wa dakika nane na sekunde kadhaa kwa kila kilomita. Sekunde moja kabla ya kutazama nilikuwa mtu aliyekimbia karibu saa nzima na mguu uliotoka kuumwa. Baada ya kutazama nikawa mtu wa dakika nane.

Programu nimeifuta. H, na nimeichora pembe kama ya shetani.

Jumamosi, 23 Agosti

Jana usiku Taifa Stars wametolewa na Morocco robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, kwetu hapa hapa kwa Mkapa, bao 1-0. Mtaa mzima umelala na njaa ya bao. Leo saa kumi na mbili Sinza ilikuwa kimya kama siku ya mfungo, na mimi nimetoka nje ya ratiba, nimekimbia katikati ya barabara ya mtaa bila bajaji hata moja. N, kwa masikitiko.

Jumapili, 24 Agosti

Nimemkuta mzee amekaa kwenye ukuta mfupi, nimesimama, nimemwamkia vizuri na kuomba radhi ya siku ile.

"Nilikuona," alisema. "Siku ile ulikuwa unakimbizwa kweli. Sasa kaa, pumzika."

Nimekaa. Alikuwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ujana wake, akakimbizwa na maafande mpaka akaapa hatakimbia tena akiwa hai, na kiapo amekitimiza. Anatembea tu, kila siku, tangu alipofiwa na mkewe, kwa sababu saa hiyo ndiyo walikuwa wanakunywa chai wawili na nyumba haikaliki. Ameyasema hayo kama anavyosimulia bei ya nyanya, akaamka akashika fimbo yake.

Nimetembea naye mpaka geti la chini. Mwendo wake ni wa polepole, na mlima ule ukiushuka hivyo ni mrefu sana. N.

Alhamisi, 4 Septemba

Dada mmoja ofisini amesikia habari za mradi akasema angependa kuanza, ila yeye hawezi kutoka peke yake saa kumi na moja na nusu kama mimi, na asubuhi kukipambazuka ana watoto wa kupeleka shule. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumweleza juu ya ruhusa ya kurudi na mwembe wa dakika kumi. Nimeufunga. Kuna giza ambalo kwangu ni ubaridi mzuri na kwake ni jambo jingine. Amesema atatafuta klabu ya jogingi ya mtaani kwao Tabata, wanawake ni wengi humo na wanarudi pamoja. Nadhani atafika mbali kuliko mimi.

Jumapili, 7 Septemba

Leo Moshi imenirudia. Nilikuwa nashuka Mlimani, nikasikia vicheko vya watoto wanaokwenda kanisani, na ghafla nikaona ile barabara ya Mweka: migomba kushoto na kulia, akina mama wamesimama nje ya mageti yao na ndoo za maji wanatugawia kwa vikombe vya nyumbani, na watoto kama sita, wengine peku, wameingia katikati yetu kukimbia nasi. Mmoja alikuwa na sweta la shule lililochanika kiwiko. Alikimbia kando yangu muda mrefu, ananitazama usoni na kucheka, na mimi nilimwambia, nakumbuka sasa, "Toka njiani, dogo."

Miaka sita nilikuwa nasema kwamba Moshi ilinishinda. Moshi ilinipa maji na mtoto wa kukimbia naye, nami nilikuwa natazama saa mkononi.

N.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeamka simu imejaa. Alphonce Simbu bingwa wa dunia wa marathoni, Tokyo, saa 2:09:48! Mjerumani, Amanal Petros, amepewa muda ule ule. Kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya kilomita 42. Nimeitazama video mara nne kabla ya chai. Petros yuko mbele kwenye mita za mwisho, Simbu anamtafuta, anamtafuta, na mstarini Mjerumani anajirusha mpaka anaanguka. Simbu mwenyewe hakujua kama ameshinda mpaka alipoona jina lake juu ya orodha kwenye skrini. Hii ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, na London 2017 alikuwa wa tatu. Miaka minane kati ya shaba na dhahabu.

Shuleni kwetu shujaa alikuwa Filbert Bayi, yule aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa 3:32.16, akiwa ameongoza tangu mlio wa bastola. Mwalimu wa michezo alikuwa anaisimulia kila muhula. Matokeo yake sote tulikuwa tunaanza mbio kama Bayi na kufia kwenye goli la kwanza.

Bosi wangu, mtu wa semina, naye ametumia asubuhi nzima kutuletea habari za John Stephen Akhwari, Mexico 1968, aliyeumia goti na kumaliza wa mwisho kwa saa 3 na dakika 25. Namheshimu mzee Akhwari kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini yeye alikuwa kwenye Olimpiki, amevaa jezi ya nchi. Mimi nikiumia goti karibu na Savei nitapanda bajaji.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeondoka kama Simbu. Nimerudi kama mimi. H.

Jumapili, 28 Septemba

Joto limeanza kurudi. Ule mlima wa Agosti si huu, ingawa ni ule ule. Hewa ya Dar ikishiba unyevu, jasho halikauki, linachuruzika tu, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Damu inabidi ipelekwe kwenye ngozi kutoa joto, miguu inapata mgao mdogo, moyo unapiga zaidi kwa mwendo ule ule. Mwenye saa ya mkononi angeona namba zimeharibika na kudhani amerudi nyuma. Mimi nimeona tu kwamba kiitikio kinakatika mapema, nikapunguza. Kuanzia wiki hii natoka saa kumi na moja na robo, na shati jeupe kwa sababu bodaboda wengi saa hizo taa kwao ni hiari.

N.

Jumapili, 5 Oktoba

Binti yangu ana miaka kumi na moja. Jana usiku ameniuliza, "Baba, huwa unaimba nini ukirudi? Nakusikia getini." Nikamwambia. Hakujua mchakamchaka ni nini. Shuleni kwao wanapelekwa na gari la shule, uwanja wote una vigae, na asubuhi wanapanga mstari kwa dakika tano, wakiwa wamesimama.

Leo ametaka kuja. Nimemwambia mpaka mwembeni tu. Ana raba za shule, nyeusi, nzito. Amekimbia mbele kwa kasi yote, amesimama, amenisubiri, amekimbia tena, kama mtoto wa mbwa. Nilimwacha. Mwembeni nikampa ruhusa ya kurudi akaniangalia kama nimemtukana.

Nimemfundisha kuitikia. Wimbo wa zamani ameukataa baada ya beti mbili. Idi Amin kwake ni mtu wa kwenye kitabu cha historia. Ametunga wake kuhusu tumbili aliyeiba chapati ya mhadhiri. Una mwanya mmoja penye pigo la tatu, unamfanya mtu ajikwae, lakini ni wake na anauongoza yeye. Tumefika nusu ya mlima. Mzee wa fimbo alikuwa anashuka.

"Shikamoo babu!" binti amesema, bila kukosa pigo.

"Marahaba, mjukuu." Akanigeukia mimi. "Haya, leo nimemwona."

Jumapili, 12 Oktoba

Wiki ya kumi na nane. Mhasibu ameomba kaunta buku akafunga mahesabu mwenyewe, kalamu nyekundu: nimetoka mara arobaini na moja, N ishirini na sita, H kumi na tano. Ruhusa ya kurudi nimeitumia mara tatu. Umbali haujulikani. Ameweka alama ya kuuliza penye ile N ya Julai ambayo sikukimbia, na nimemwachia alama yake.

Kurasa bado zipo nyingi. Nimechora safu upya, tatu tu, ile ya saa ya kutoka nimeiondoa.

Raba ya kulia imeanza kuachia soli mbele. Kesho nipite kwa fundi pale Kijiweni, apige gundi na uzi, na nimuulize kama ana namba thelathini na tano, nyepesi, ya kike, rangi yoyote isiyo ya chungwa. Binti amesisitiza hilo.